Bukta za Marehemu Bwana Nagahama

"Hii ya nani?"

Bukta ilimpiga Solongo usoni, ikadondoka kwenye mkeka. Nyeupe, pana, ya kizamani, mpira wa kiunoni umelegea. Bilguun alikuwa ameichomoa kwenye fimbo ya kuanikia nguo kule nje kibarazani na kurudi nayo ndani, na viatu hajavua. Juu ya mkeka, na viatu vya kazi. Mtu aliyekaa Japani miaka miwili.

Na Solongo akacheka. Ndiyo, alicheka, msimlaumu. Ungeiona bukta yenyewe na wewe ungecheka.

"Ya marehemu," alisema. "Ya mume wa mama mwenye nyumba. Ngoja nikueleze, mwenyewe utavunjika mbavu."

Kofi lilimkuta mdomo bado uko wazi. Alikwenda kinyumenyume mpaka kwenye friji, akajing'ata ulimi, na mfuko wa nyama ya kondoo aliyoletewa na mpenzi wake huyuhuyu ukadondoka, vipande vikatawanyika sakafuni. Alishika mdomo. Vidole vilitoka na damu. Katika maisha yake yote hakuwahi kupigwa na mtu huyu, na kwa muda alitazama nyuma yake, kana kwamba kofi lile limetoka kwa mtu mwingine aliyesimama chumbani.

"Nimekuuliza ya nani. Usinicheke."

Sasa kabla sijaendelea niwaambie kitu kimoja, maana najua mmeshaanza kumchukia huyu kijana. Solongo alimpenda Bilguun. Alimpenda kwelikweli, mapenzi ya kukosa usingizi. Walizaliwa mtaa mmoja pembeni mwa Ulaanbaatar, kule kwenye mahema ya manyoya yaliyozungushiwa ua wa mbao na moshi wa makaa ya mawe. Shuleni, mvulana aliyemvuta Solongo nywele alivunjwa pua na Bilguun. Mwingine aliyemtukana barabarani aling'olewa jino. Bilguun alikuwa mwanamieleka, kifua kama mlango, na kila alipopiga mtu kwa ajili yake Solongo alirudi nyumbani anatembea kichwa juu. Mikono ile aliipenda. Haikumjia kwamba iko siku itamgeukia.

Bilguun alitangulia Japani, akapata kazi ya kubomoa nyumba za zamani mjini Kobe, analala bweni la kampuni na wanaume wenzake. Solongo alipopata nafasi ya kubadilishana wanafunzi, aliacha vyuo vyenye majina akachagua Okayama, kwa sababu moja tu, treni ya kwenda Kobe haikawii. Wazee walikuwa wameshapeana kitambaa cha hariri cha buluu, ndiyo posa ya kwao. Harusi ilikuwa kiangazi hikihiki, wakirudi likizo. Watu wameshaambiwa, kondoo wameshatengwa.

Na hizo bukta? Siku Solongo alipohamia, Mama Nagahama, mjane anayekaa chini, alipanda ngazi na mfuko mikononi. Alimuuliza kama anaishi peke yake. Solongo akajibu kwa Kijapani chake cha kuungaunga kwamba ndiyo. Mama yule akatikisa kichwa, akatoa jozi ya viatu vikubwa vya kiume akavipanga mlangoni vielekee nje, halafu akatoa bukta, moja moja, kama anayetandaza samaki.

"Anika hizi pamoja na za kwako," alimwambia polepole, kwa vitendo. "Mwanamke anayeanika zake tu, anawatangazia wezi kwamba ndani hamna mwanaume. Mume wangu hazihitaji tena."

Mtaa mzima hufanya hivyo. Mwalimu wa piano wa nyumba ya pili ameanika shati lilelile la kiume mpaka limepauka. Basi Solongo akawa anafua bukta ambazo hazijavaliwa, anazianika, anacheka peke yake. Alitaka kumsimulia Bilguun, lakini wiki ya kwanza ya masomo ni wiki ya kukimbia. Mara kadi ya mkazi, mara daftari la afya, mara mtihani wa kupangiwa madarasa. Akasahau.

Jumamosi alimpigia simu ya video amwonyeshe chumba. Akamwonyesha sufuria. Akamwonyesha godoro linavyokunjwa na kufichwa kabatini. Akafungua mlango wa kibaraza, akageuza simu huku anasema tazama, mpaka mlima unaonekana.

Bilguun hakuutazama mlima.

"Mtandao mbovu, kipenzi," alisema. "Nitakupigia."

Hakupiga. Jumapili mchana huyo hapo mlangoni, na nyama ya kondoo mkononi, na cha kwanza alichokiona ni viatu vya kiume.

"Bilguun, nisikilize. Hapa wanawake wote wanaanika nguo za kiume. Ni kinga ya wezi."

"Nimekaa nchi hii miaka miwili. Sijawahi kusikia ujinga huo."

"Umekaa bweni la wanaume. Nani angekuambia?"

"Lete simu."

Hakungoja apewe. Aliipekua, akafika kwenye kundi la darasa, akapita, akafika kwenye ujumbe ulioingia asubuhi hiyo. Ulitoka kwa Gyutae, mwanafunzi wa Kikorea, Kijapani kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini.

"Kesho zamu yetu. Usiogope. Mimi nakujua wewe sasa kuliko wote darasani."

Kama uliwahi kuanza lugha ya watu utajua hapo hamna kitu. Mwalimu Kuramochi alikuwa amewapanga wawiliwawili. Kila mmoja amhoji mwenzake, kisha asimame mbele amtambulishe kwa darasa. Gyutae alikuwa amekariri jina la mama yake Solongo, supu anayoipenda, na rangi ya farasi wa babu yake. Alikuwa na adabu ya mtu aliyetoka jeshini juzi. Ukimwita jina anainuka kwanza ndiyo anajibu.

"Anakujua kuliko wote," Bilguun alisoma kwa sauti.

"Ni kazi ya darasani. Kila mtu amepangiwa mwenzake."

"Na wewe ukapangiwa mwanaume."

Alitoka kibarazani, akaing'oa fimbo ya chuma pamoja na nguo zote juu yake, akaipiga kwenye mlango wa kioo. Kioo kilimwagika chumbani. Akapiga tena pale palipobaki. Halafu akageukia sufuria, sahani, meza ndogo, anapiga kwa mpangilio kama yuko kazini anabomoa, na Solongo amejikunyata pembeni ya friji, mikono kichwani, anasema jina lake tu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Nagahama, anauliza kuna nini huko.

Hapa msikilize vizuri. Bilguun aliweka fimbo chini. Akafuta uso kwa mkono wa shati, akafungua mlango upenyo, akainama mpaka mgongo ukawa kama meza. Kwa Kijapani laini, cha heshima zote, alimwambia mama kwamba anaomba radhi sana kwa usumbufu, kioo kimeteleza, watalipia, halitajirudia. Akainama mara ya pili. Akafunga mlango taratibu usitoe sauti.

Halafu akamrudia Solongo akamkaba shingo.

"Kesho hilo darasa lako huendi," alisema, pua kwa pua. "Funga mizigo. Nakuja kukuchukua, tunakwenda Kobe. Masomo yamekwisha. Umesikia?"

Aliitikia kwa kichwa. Bilguun akamwachia. Na alipomwachia akalia, jamani, akalia kama mtoto, akampangusa nywele usoni kwa vidole vilevile.

"Unanifanya nini wewe," alisema. "Unanifanya mnyama. Unajua ninavyokupenda."

Akaokota koti akawahi treni yake, kwani Jumatatu asubuhi alikuwa na nyumba ya kuanza kubomoa na ruhusa lazima aombe ana kwa ana.

Solongo alifagia vioo. Aliokota na nyama, akaiosha, akaiweka kwenye friji, maana kwao nyama haitupwi hata dunia ikipinduka. Kisha akampigia mama yake. Alieleza yote huku anajifuta damu, na mama upande wa pili alikuwa anaguna tu. Mwishoni aliuliza jambo moja.

"Hizo nguo, kweli si za mwanaume?"

"Mama."

"Nauliza tu. Maana mtu yeyote angeona vile angechanganyikiwa. Ungeona wewe sidiria chumbani kwake ungefanya nini?"

"Nisingemkaba."

"Mwanangu, ana wivu kwa sababu anakupenda. Kumbuka alivyokupigania tangu mko wadogo. Mwambie huyo mama mwenye nyumba azungumze naye. Akielewa, yataisha. Usiivunje harusi kwa ajili ya bukta."

Na Solongo aliyaamini maneno hayo. Alilala akiyashika. Tatizo ni bukta. Bukta zikieleweka, Bilguun wake atarudi, yule wa zamani, na kiangazi wataoana. Hilo tu ndilo alilokuwa analitaka duniani.

Lakini asubuhi mizigo hakufunga. Alijiambia anaenda kutoa utambulisho wake tu, amalize kazi ya watu, asimwangushe mwenzake, kisha arudi amngoje Bilguun waongee pamoja na Mama Nagahama. Alivaa sweta lenye shingo ndefu na barakoa. Majira ya machipuko Okayama nusu ya mji umevaa barakoa kwa ajili ya chavua ya mierezi inayowatia watu chafya, kwa hiyo hakuna aliyegeuza kichwa. Barakoa ile ilificha mdomo uliovimba vizuri kabisa.

Simu ilianza kutetemeka mfukoni kabla hata hajakaa.

"Niko mlangoni kwako."

"Viatu vya huyo bwana bado viko hapa. Unanidharau kiasi hiki."

"Uko wapi."

"Usinijaribu Solongo."

Halafu, baada ya muda: "Bibi wa chini amenielekeza. Nakuja huko."

Aliusoma ujumbe wa mwisho. Alitaka kuinuka atoke amkute njiani. Lakini Gyutae alikuwa ameshasimama mbele ya darasa, ameinama, ameanza.

"Huyu ni Solongo. Yeye anatoka Mongolia. Yeye anapenda supu ya kondoo. Babu yake ana farasi, rangi kama chai. Yeye akicheka, anafunika mdomo. Yeye ni mtu mwema."

Darasa likapiga makofi. Mwalimu Kuramochi, mama mdogo wa umbo mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, akamwita Solongo mbele kwa mkono. Akamwomba kwa upole atoe barakoa, ili wenzake waone mdomo unavyotamka.

Solongo alisita. Akaitoa.

Makofi yalikuwa hayajaisha vizuri, yakafa. Msichana wa Kithai wa kiti cha mbele alijiziba mdomo. Mwalimu akaweka chini kalamu ya ubao.

"Nimeanguka," Solongo alisema. "Baiskeli."

Gyutae alikuwa bado amesimama karibu naye. Sweta lilikuwa limeshuka kidogo wakati wa kuvua barakoa. Aliitazama shingo yake, pale palipobaki alama za vidole, akamuuliza kwa sauti ya chini, kwa maneno machache aliyokuwa nayo:

"Baiskeli ina mikono?"

Mlango ukafunguliwa.

Bilguun alikuwa amevaa nguo zake za kazi, suruali pana za wabomoaji, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimwona Solongo, akamwona mwanaume aliyesimama naye bega kwa bega.

"Gyutae ni yupi?"

"Ni mimi," Gyutae alijibu, na kwa kuwa alidhani huyu ni ndugu wa Solongo, akainama kumsalimu.

Ngumi ilimkuta ameinama. Ilimchukua chini ya sikio ikamtupa juu ya meza mbili, vitabu vikaruka. Kabla hajajizoa, Bilguun alishanyanyua kiti. Kiti kilishuka begani, na mfupa ulivunjika kwa mlio ambao kila aliyekuwa mle ndani aliusikia. Gyutae hakupiga kelele. Alijikunja, akaziba kichwa kwa mkono uliobaki. Mateke yakaanza, mbavuni, mgongoni, kiatu kizima chenye chuma mbeleni.

"Nani alikwambia hana mtu? Nani alikwambia wewe unamjua?" Bilguun alikuwa anamuuliza kwa Kimongolia mtu asiyejua neno hata moja.

Solongo alimrukia mgongoni. Alimkaba, akamng'ata sikio mpaka akahisi chumvi. Bilguun alimchomoa kwa mkono mmoja akamrusha, akagonga ukingo wa ubao na nyusi ikapasuka. Damu ikamjaa jicho. Kwa jicho moja aliona mwanafunzi mmoja Mwuzbeki wa kiti cha nyuma anamshika Bilguun kiuno na kutupwa vilevile, na msichana wa Kithai anakimbia korido anaita watu.

Na akamwona Mwalimu Kuramochi anatembea. Hakukimbia. Alipita katikati ya meza zilizopinduka, akasimama juu ya Gyutae, mikono amekunjua kama anayezuia kuku. Kimo chake kilimfika Bilguun kifuani. Kiti kilikuwa juu tayari, kinashuka.

Kikasimama hewani.

Bilguun alishusha kiti. Akakiweka sakafuni kwa miguu yake minne. Akahema, akamwinamia mwalimu.

"Samahani, Mwalimu," alisema.

Solongo, amekaa sakafuni na damu inamdondoka kidevuni, aliliona hilo. Jana alimwona akimwinamia Mama Nagahama, na sasa hivi huyu. Kwa hiyo mkono wake unajua kusimama. Unajua kabisa ni nani wa kupigwa na ni nani hapigwi. Wazo hilo lilimwingia taratibu na likamuuma kuliko nyusi.

Walinzi walikuja, kisha askari wawili. Gyutae alipandishwa kwenye machela. Alipopita karibu yake Solongo alimwomba msamaha, akamuuliza kwa nini hakurudisha hata ngumi moja, mtu aliyefundishwa jeshini.

"Mimi nikipiga," alisema, meno yakigongana, "watasema wanaume wawili wamegombana. Wewe hawatakuona."

Wakamchukua. Askari mmoja akaenda naye. Wa pili, kijana mwenye uso wa duara, alimkalisha Bilguun kwenye kiti darasani humohumo wakingoja gari, akaanza kuuliza maswali. Mwalimu alikuwa anamfunga Solongo nyusi kwa kitambaa.

Hapo ndipo Mama Nagahama alipoingia, anahema, kofia ya baiskeli bado iko kichwani. Asubuhi ile Bilguun alikuwa amemtupia miguuni bukta aliyoondoka nayo jana, huku anamfokea, na kutokana na makelele yote yale mama alishika jambo moja, kwamba kijana huyu anamtafuta mwenye bukta. Alimwelekeza chuoni kwa kuogopa, kisha akatambua kosa alilofanya, akapanda baiskeli. Sasa alitoa bukta kwenye mfuko wa sokoni, akaigeuza kiunoni, akaiweka mbele ya askari.

Ndani ya mpira, kwa wino mweusi uliofifia, kulikuwa na jina. Nagahama. Mume wake alifia kwenye makao ya wazee, na huko kila nguo ya mzee huandikwa jina lake, mpaka soksi, zisichanganyike kwenye kufuliwa. Alitoa ya pili. Nagahama. Ya tatu. Askari alisoma, akamtazama Bilguun, akamweleza.

Bilguun alikuwa ameishika ile bukta mikononi mara mbili. Alijua kuzungumza Kijapani cha kazini, lakini kusoma herufi zao hakujua. Solongo mwenyewe, aliyezifua na kuzianika, alidhani ni alama ya kiwanda.

Bilguun aliteleza chini kutoka kwenye kiti mpaka magotini. Alilia kwa sauti, mwili mzima.

"Nimekosa," alisema. "Kipenzi, nimekosa. Ni ya marehemu. Ulisema kweli na mimi sikukusikia. Mungu wangu, nimefanya nini."

Solongo alihisi kifua kinamfunguka. Ndiyo haya aliyoyangoja usiku kucha. Bukta zimeeleweka. Bilguun wake amerudi, huyo hapo, magotini, analia machozi ya kweli, na miguu yake mwenyewe ilitaka kwenda kumwinua.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake, aliyekosa raha tangu jana. Solongo aliweka sauti ya wote kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umeshika kitambaa usoni, akamweleza kwa haraka. Mama alishusha pumzi ndefu.

"Si nilikwambia. Yameeleweka, yamekwisha. Huyo Mkorea ataombwa radhi na familia nzima. Wewe sema umeanguka, mwanangu. Usimfukuzishe mume wako nchi za watu."

Askari alikuwa amepata jibu la bega la Gyutae, mashahidi walikuwa darasa zima. Lililobaki lilikuwa la Solongo. Akachuchumaa mbele yake, akaonyesha mdomo, akaonyesha shingo. Akamuuliza polepole ili aelewe. Hizi si za leo, ni nani aliyekufanya?

Kama angesema baiskeli, ingebaki kesi ya wanaume wawili waliopigana kwa kutoelewana, na Bilguun hana kosa la nyuma. Kama angesema kweli, hakuna harusi. Alijua vyote viwili. Alimtazama Bilguun. Bilguun alimtazama kwa macho mekundu, akatabasamu kidogo, tabasamu la kule mtaani kwao.

"Sema umeanguka," alimwambia kwa Kimongolia. "Twende nyumbani. Nitakupikia ile nyama."

Solongo alimeza mate yenye damu.

"Na kama ingekuwa ya mwanaume?"

"Nini?"

"Bukta. Kama ingekuwa ya mtu aliye hai."

"Lakini si ya marehemu? Tumeshajua."

"Nakuuliza tu."

Bilguun alifuta pua kwa mgongo wa mkono. Alikuwa ameshatulia, mtu aliyekwisha kusamehewa. Alijibu kwa upole, bila kuficha kitu, kama mtu anayempa mwenzake uhakika kwamba anapendwa.

"Basi leo ungekuwa umekufa, kipenzi. Lakini wewe hukufanya."

Hakuna aliyeelewa mle darasani isipokuwa wao wawili, na mtu mmoja kwenye simu. Solongo aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Mama?"

"Nipo." Sauti ilikuwa imebadilika, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. "Nimemsikia. Mwanangu, huyo askari bado yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwambie. Mwambie na hilo alilosema sasa hivi."

Solongo alimgeukia askari. Maneno aliyokuwa nayo ya Kijapani yalikuwa hayajai kiganja, kwa hiyo alichukua mkono wake mwenyewe akauweka shingoni, juu ya alama, kidole juu ya kidole, akamnyooshea Bilguun mkono wa pili. Akasema "yeye". Akasema "jana". Akatafuta neno la kufa, Mwalimu Kuramochi akamsaidia kwa sauti ndogo, na Solongo akalirudia, akaweka na "mimi" mbele yake.

Askari akaanza kuandika.

"Solongo," Bilguun alisema. Alikuwa hajaelewa bado. Askari wa gari lililongojwa walimwinua, wakamvika pingu, na alikuwa bado anamtazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Lakini hukufanya kitu. Si hukufanya? Sasa unanishtaki kwa lipi?"

Alimpenda, na hilo msidhani lilikoma siku ile, maana lilimchukua miezi na lilimliza hata mbele ya Gyutae alipokwenda kumtazama hospitali. Lakini hakumjibu. Bilguun aliliuliza swali hilohilo koridoni na ngazini mpaka kwenye gari, na Solongo alikuwa amekaa na askari, anamwonyesha shavu, anamwonyesha ulimi, anaendelea kumweleza yaliyobaki.